Muhuhu Chini ya Nyayo za Shard End

Shard End ilijengwa wakati Uingereza haina mbao. Jambo hilo moja linaeleza karibu kila sakafu niliyowahi kuifunua katika mtaa huu ninaoishi, ukingoni kabisa mwa mashariki ya Birmingham. Mimi ni seremala, mtoto wa Tanga, na nikiingia nyumba ya mtu macho yangu huanza chini.

Hapa palikuwa mashamba ya Castle Bromwich mpaka 1931, yalipoingizwa ndani ya mipaka ya jiji. Kisha vikaja vita. Mabomu ya Wajerumani yaliangamiza nyumba zaidi ya 12,000 za Birmingham, na katikati ya jiji maelfu ya familia zilikuwa bado zimebanana kwenye nyumba zilizopeana mgongo, choo cha uani kikitumiwa na kaya kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 halmashauri ikaanza kujenga huku, kando ya mto Cole. Kufika 1955, mtaa ulikuwa umeshapata na kanisa lake, All Saints'.

Aneurin Bevan, waziri wa afya wa wakati huo aliyesimamia pia makazi, alishikilia kwamba mfanyakazi apewe nyumba ya maana: vyumba vitatu vya kulala na nafasi isiyopungua futi za mraba 900. Namheshimu kwa hilo kila ninapopita katika kumbi zetu zenye mwanga. Lakini mbao zitoke wapi? Kabla ya vita Uingereza ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mbao laini kutoka Sweden, Finland, nchi za Baltiki na Kanada. Baada ya vita fedha za kigeni zilikuwa adimu, hasa dola, na mbao laini zilitolewa kwa kibali mpaka 1953. Wajenzi wakazibana mbao kwa ajili ya paa na ghorofa ya juu. Chini wakamwaga zege, na juu ya zege mara nyingi wakabandika vigae vyembamba vya lami vilivyochanganywa na asbesto.

Mbao ngumu zilikuwa na njia yake. Sarafu za makoloni zilifungamana na pauni ya Uingereza, kwa hiyo gogo la Afrika halikulipiwa dola. Maabara ya serikali ya Princes Risborough ilizipima mbao za kutoka kila pembe ya himaya ya kikoloni: ipi inavumilia kukanyagwa, ipi inapasuka, ipi inaliwa na wadudu. Katika miaka ya 1950 mvule ulikatwa kwa wingi kwenye uwanda wa Rondo, kule Lindi. Na kutoka misitu mikavu ya Kenya na Tanganyika ukaja muhuhu, ambao kwetu wengine huuita mkarambati.

Muhuhu ni mti wa kustahiwa. Hukua polepole mno, shina limepinda na mara nyingi lina uwazi ndani, hivyo ni nadra kupata ubao mrefu ulionyooka. Lakini vipande vyake vifupi ni vizito, vinakaribia uzito wa maji, mchwa hawaviwezi, na vinastahimili viatu vya watu kwa miongo. Ndiyo maana wafanyabiashara waliukata vipande vya sakafu. Havikuletwa kwenye nyumba za wapangaji wa halmashauri. Vilikwenda kwenye shule, kumbi za mikutano na majengo ya umma, mahali penye miguu mingi. Fundi alikitumbukiza kila kipande kwenye lami ya moto, akakikandamiza juu ya zege, kimoja kikiegemea kingine kwa pembe, mpaka ukumbi mzima ukaenea.

Sakafu hizo zilisuguliwa kwa nta mpaka zikang'aa. Kisha zulia likawa rahisi. Mji wa Kidderminster, ambao hauko mbali na hapa, ulikuwa umefuma mazulia tangu karne ya 18, lakini mashine mpya za baada ya vita, zilizochomeka nyuzi badala ya kuzifuma, ndizo zilizoliingiza zulia hata katika nyumba ya mfanyakazi. Mwenye zege akafurahi, maana miguu yake ilipata joto. Mwenye mbao naye akazifunika. Miaka ikapita, shule nyingi za zamani zikabomolewa, na vipande vyake vikaishia kwenye yadi za mbao kuukuu, vimefungwa marobota, lami ingali mgongoni.

Sheria ya makazi ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokuwa wakiishi. Nyumba yangu ilinunuliwa kwa njia hiyo na familia iliyonitangulia, na ndiyo maana leo naweza kuigusa sakafu bila kuomba ruhusa. Chini ya zulia la sebuleni nilikuta zege tupu. Nikaenda yadi ya mbao kuukuu kutafuta vipande vya kuifunika, na katika robota moja la mbao nyekundu-kahawia nikaona nyuzi nyembamba ninazozijua. Nikapiga picha, nikampelekea mjomba wangu Tanga, yeye ndiye aliyenifundisha kushika randa. Akanipigia hapo hapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Hebu kwangua kidogo, unuse."

Nikakwangua kwa kisu. Harufu ikapanda, tamu, jamaa ya msandali.

"Inanukia, mjomba."

"Basi ni muhuhu huo. Nunua vyote, na usije ukavipaka rangi."

Kazi yenyewe naieleza kwa mtu anayetaka kuifanya nyumbani kwake, kwa sababu inawezekana bila kuajiri kampuni. Kwanza, usiguse lami nyeusi ya zamani wala vigae vya miaka ile kabla ya kupeleka kipande maabara kupimwa. Asbesto haikupigwa marufuku kabisa Uingereza mpaka 1999, na magonjwa yanayoletwa na vumbi lake hayaponi. Majibu yangu yalikuja safi, ndipo nikaanza. Nilifanya kazi ya kubandua uani, mwezi wa Januari, kwa sababu lami ikipoa sana huvunjika kama kioo. Patasi pana, nyundo, pigo moja la ubavuni, na ganda zima linaruka. Wakati wa joto lami hiyohiyo ingenata na kuziba kila msasa.

Nilivipanga upya kwa gundi ya siku hizi, kwa pembe ileile ya kale. Kisha nikakodi mashine ya msasa. Kwa kuwa nyuzi za vipande zinaelekea pande mbili, mashine hupitishwa mshazari kwanza, kwa msasa mkali wa namba 40, halafu 80, halafu 120. Pembeni mashine haifiki. Pale ni magoti na mkono. Vaa barakoa ya kweli, kwani vumbi la mbao ngumu lenyewe linajulikana kusababisha saratani ya pua. Vumbi lile laini nililikusanya, nikalichanganya na gundi maalumu na kuziba nyufa, ili rangi ya kiraka iwe ya mti wenyewe. Mwisho nikapaka mafuta yenye nta, tabaka nyembamba, nikifuta kila ziada kwa kitambaa. Vanishi nzito ingeng'aa zaidi, lakini ikichunika sharti ukwangue sakafu nzima. Mafuta unayarudishia pale tu palipochakaa.

Hesabu ninayoijali ni hii. Kipande kina unene wa inchi moja hivi, na msasa wa nguvu huondoa karibu milimita moja. Sakafu hii basi inaweza kufufuliwa mara kadhaa, ikitunzwa na watu wasiojuana, wa vizazi mbalimbali. Msitu hauna nafasi kama hiyo. Kule Arabuko-Sokoke, Kenya, na kwenye misitu mingine ya pwani muhuhu umekatwa kwa sakafu, kisha kwa vinyago vya watalii, mpaka miti mikubwa imekuwa ya kutafutwa, na mche unaopandwa leo hautamfaa aliyeupanda.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu wa Birmingham, Leicester na London: kabla hujamlipa mtu ang'oe sakafu ya zamani na kukuwekea plastiki yenye picha ya mbao, inua kona ya zulia na uangalie. Ukikuta mbao ngumu, uliza zilitoka msitu gani, kisha zikarabati. Mti ule umeshakatwa, walioutolea jasho walilipwa kidogo, na hakuna tunachoweza kubadilisha katika hilo. Tunachoweza ni kuhakikisha hautupwi mara ya pili.