Fedha za Umma na Mgeni wa Mbuga: Historia ya Virunga tangu 1925

1. Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu una gharama, na gharama hiyo hatimaye lazima ipate mtu wa kuibeba. Katika mbuga za taifa swali hilo halina likizo. Mtalii anahitaji barabara, nyumba ya kulala, mwongozaji, maji safi, na pengine mlinzi mwenye silaha. Ni nani anayepaswa kuyagharamia hayo yote: serikali kwa kodi za raia, mgeni mwenyewe kwa ada ya kuingilia, au mfadhili aliye mbali?

Makala haya yanafuatilia swali hilo katika historia ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, tangu ilipoundwa mwaka 1925. Yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kila aina ya fedha ilileta aina yake ya mbuga. La pili ni kwamba, katika karne nzima, raia wa Kongo alihesabiwa kuwa mlinzi, mchukuzi au mvamizi wa mbuga, lakini ni mara chache mno alipohesabiwa kuwa mgeni wake.

2. Asili ya wazo

Wazo la mbuga ya taifa lilifika Kongo kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alizuru Marekani na kujionea mbuga za nchi hiyo. Mbuga ya kwanza, Yellowstone, ilikuwa imetangazwa mwaka 1872 kwa ajili ya manufaa na starehe ya wananchi. Hata hivyo, Bunge la Marekani lililoitangaza halikuitengea fedha. Msimamizi wake wa kwanza, Nathaniel Langford, alifanya kazi bila mshahara. Mnamo mwaka 1878 tu ndipo zilipotolewa dola 10,000 za kwanza. Wakati huo wawindaji walikuwa wakiua wanyama bila kizuizi, na mwaka 1886 serikali ikalazimika kuleta jeshi. Makampuni ya reli nayo yalijenga hoteli, kwani kila mtalii alikuwa abiria. Idara ya serikali yenye kusimamia mbuga zote iliundwa mwaka 1916, miaka mitatu tu kabla ya ziara ya Mfalme.

Mtu wa pili katika habari hii ni Carl Akeley, Mmarekani aliyetengeneza sanamu za wanyama kwa ngozi halisi katika jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Mwaka 1921 alikwea mlima Mikeno kuwinda sokwe wakubwa wa milimani kwa ajili ya maonyesho. Aliwaua alioagizwa kuwaua, kisha akarudi akiwa mtetezi wa waliosalia. Juhudi zake na za wenzake zilisaidia kupatikana kwa amri ya kifalme ya tarehe 21 Aprili 1925, iliyoanzisha Mbuga ya Taifa ya Albert. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafariki mlimani, akazikwa Kabara.

3. Wakati wa ukoloni: sayansi mbele, mgeni nyuma

Mbuga ya mwaka 1925 ilikuwa ndogo, ikizunguka milima michache ya volkano. Ilipanuliwa mwaka 1929 na tena katika miaka iliyofuata, hata ikaingiza ndani yake nyanda za Rwindi, sehemu kubwa ya ufuko wa ziwa Edward na vilele vya Ruwenzori. Tarehe 26 Novemba 1934 serikali iliunda Taasisi ya Mbuga za Taifa za Kongo ya Wabelgiji, ikiongozwa kutoka Bruselsi na mwanasayansi Victor van Straelen, aliyedumu katika uongozi huo hadi mwaka 1960.

Taasisi hiyo iliishi kwa ruzuku ya koloni pamoja na misaada ya watu na mashirika yaliyopenda sayansi. Kwa sababu fedha zilitolewa kwa ajili ya elimu, mbuga iliendeshwa kama maabara. Uchunguzi wa G. F. de Witte, uliofanyika kati ya mwaka 1933 na 1935, ulizaa mfululizo mrefu wa vitabu. Mtalii alivumiliwa, naye aliruhusiwa kupita katika sehemu chache tu. Katika nyanda za Rwindi aliweza kutazama tembo, nyati na viboko akiwa kando ya barabara itokayo Rutshuru kwenda Kanyabayonga, na huko huko kambi ya wageni ilijengwa. Sehemu kubwa ya mbuga ilifungwa kwa kila mtu asiye mtafiti wala mlinzi.

Wenyeji walilipa gharama ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la hesabu. Mashamba, malisho, njia za kuwinda na mahali pa kuvulia samaki viliwekwa ndani ya mipaka. Kando ya ziwa Edward, vijiji vilihamishwa pia kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na waliotaka kurudi baadaye walikuta ardhi imekwisha kuwa mbuga. Uvuvi halali upande wa Kongo ulibaki katika vituo vitatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Kwa hiyo, kabla mtalii hajalipa ada yoyote, mwenyeji alikuwa amekwisha kuilipia mbuga kwa ardhi yake.

4. Uhuru na ahadi za Zaire

Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, wengi walitabiri kwamba mbuga zingekufa. Hazikufa, na sifa hiyo ni ya walinzi wa Kikongo kwanza. Waliendelea kupiga doria katika miaka ambayo mishahara ilichelewa, na baadhi yao waliuawa na makundi yenye silaha. Upande wa Rwanda ukawa mbuga ya nchi nyingine, na upande wa Kongo ukapewa jina la Virunga mwaka 1969.

Sheria ya tarehe 22 Agosti 1969 juu ya hifadhi ya viumbe iliweka msingi mpya. Katika miaka hiyo mbuga zilianza kuonekana kuwa chemchemi ya fedha za kigeni na ishara ya fahari ya taifa. Mwaka 1970 ziliundwa kwa mara moja Kahuzi-Biega, Maiko, Salonga na Kundelungu. Mwaka 1975 wanahifadhi wa dunia walifanya mkutano wao mkuu Kinshasa, na rais Mobutu alitoa ahadi ya kuongeza ardhi ya hifadhi. Virunga iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Katika Kahuzi-Biega, Adrien Deschryver aliwazoesha sokwe kuwaona watu, na wageni wakaanza kwenda kuwatazama kwa miguu. Katikati ya miaka ya 1980 njia hiyo ilitumiwa pia katika Virunga, huko Djomba. Hivyo mgeni, aliyekuwa akivumiliwa tu, akageuka kuwa tegemeo.

Mwaka 1978 taasisi ya hifadhi ilipewa hadhi ya shirika la umma, chini ya mfumo mpya wa mashirika yote ya serikali. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Shirika la aina hiyo lilitazamiwa kuwa na mapato yake lenyewe, ingawa mali yake haikuwa bidhaa ya sokoni. Mlinzi aliye porini Maiko, mahali pasipo na mtalii, hazalishi ada yoyote. Kazi yake ni ya lazima vivyo hivyo. Ruzuku ya serikali ilipopungua kwa anguko la uchumi, mbuga chache zenye wageni zililazimika kubeba nyingi zisizo nao.

5. Miaka ya 1990: ada inapokosekana

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika katika muongo mmoja. Baada ya mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwezi wa Mei 1990, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na serikali ya Zaire. Msiba ulioanzia katika mabweni ya chuo ulizidi kukausha mifereji ya fedha iliyozifikia hata idara zilizo mbali nao. Uporaji wa Septemba 1991 ukawafukuza wageni waliokuwa wamebaki nchini.

Kisha, mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma. Kambi kubwa zikasimama karibu na mbuga. Watu waliohitaji kupika walikata miti, kwani hawakupewa kuni za kutosha wala hawakuwa na njia nyingine. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Virunga iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vilifuata. Wanyama wa Rwindi walichinjwa kwa wingi, na kambi iliyokuwa ikipokea wageni ikawa magofu.

Watalii walipotoweka, ada zilitoweka pamoja nao, wakati ule ule mbuga ilipohitaji ulinzi kuliko wakati wowote. Mapato yatokanayo na wageni hupanda siku za amani na kushuka siku za hatari. Mahitaji ya ulinzi huenda kinyume chake. Kwa sababu hiyo ada ya mgeni yaweza kuongeza bajeti ya umma, lakini haiwezi kushika nafasi yake.

6. Mfadhili anachukua nafasi ya dola

Pengo lililoachwa na serikali lilijazwa na wengine. Kuanzia mwaka 2000 mpango wa UNESCO, uliosaidiwa na mfuko mmoja wa Umoja wa Mataifa, ulilipa posho za walinzi katika maeneo ya Urithi wa Dunia nchini Kongo. Baadaye Umoja wa Ulaya ukawa mfadhili mkubwa wa Virunga, na taasisi ya hifadhi ya Kongo iliingia katika mapatano ya kuiendesha mbuga pamoja na shirika la kibinafsi lililoandikishwa Uingereza. Mkuu wa mbuga tangu mwaka 2008, Emmanuel de Merode, ni Mbelgiji. Mwaka 2014 alipigwa risasi barabarani akitoka Goma, akapona.

Huduma za wageni zilijengwa upya katika kipindi hiki: nyumba ya wageni ya Mikeno huko Rumangabo, safari za kuwaona sokwe, na kupanda volkano ya Nyiragongo. Kibali cha kuwaona sokwe kiliuzwa kwa dola 400. Mitambo ya umeme wa maji ilijengwa Mutwanga na Matebe, ili mbuga iwe na manufaa kwa jirani asiyekuwa mtalii.

Lakini hesabu ile ile ya miaka ya 1990 ilijirudia. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa na watalii wawili wa Kiingereza wakatekwa. Mbuga ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019. Mwezi wa Machi 2020 ikafungwa tena kwa sababu ya Korona. Tarehe 24 Aprili mwaka huo watu 17 waliuawa karibu na Rumangabo, 12 kati yao wakiwa walinzi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 vita vya M23 vimeifunika sehemu ya kusini ya mbuga. Walinzi waliokufa kazini katika historia ya Virunga wamezidi 200.

7. Mjadala

Kulinganisha na Marekani kunasaidia, mradi tofauti za utajiri zisisahauliwe. Huko pia serikali ilianza kwa kutolipa kitu. Lakini kati ya mwaka 1956 na 1966 ilitumia takriban dola bilioni moja kujenga barabara, kambi na nyumba za kupokelea wageni. Mwaka 1964 ikaunda mfuko wa ardhi na maji kwa ajili ya mapumziko ya raia, ambao baadaye ulipata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka mafuta yanayochimbwa baharini. Yaani mali inayokwisha iligeuzwa kuwa mahali pa matembezi pasipokwisha. Ada za wageni zilikuwepo, lakini juu ya msingi wa kodi.

Katika Kongo mafuta yalijitokeza kwa namna nyingine. Kampuni ya Kiingereza ilifanya uchunguzi katika ziwa Edward mwaka 2014, kisha ikajiondoa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiingia katika mipaka ya Virunga. Mwaka 2024 mnada huo ukafutwa. Watetezi wa mnada walisema kwamba nchi maskini haiwezi kuacha mali yake ardhini ili kuwafurahisha wageni. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Ina nguvu kwa sababu mbuga imejulikana kwa muda mrefu kama mahali pa watu wengine. Raia ambaye hajawahi kuingia, wala kuwekewa nauli, kambi ya bei nafuu au safari ya shule, hana sababu kubwa ya kuitetea bungeni.

Wala jambo hili si la Kivu peke yake. Mwanafunzi wa Lubumbashi anasoma kwamba maporomoko ya Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu, huanguka zaidi ya mita 300. Ni maporomoko ya jimbo lake mwenyewe, katika ardhi inayoitwa ya umma. Njia ya kufika huko ndiyo kipimo cha kweli cha neno hilo.

8. Hitimisho

Historia ya Virunga inaonyesha zamu tatu za walipaji. Koloni lililipia sayansi, likapata maabara iliyofungwa. Zaire ilitumaini ada za wageni, ikapata shirika lililoanguka mara wageni walipokimbia. Wafadhili wamelipia ulinzi, na pasipo wao huenda sokwe wasingekuwepo leo. Lakini mamlaka huifuata fedha, na mkataba wa mfadhili una mwisho wake.

Zamu ya nne, ile ya raia kulipia mbuga yake kwa kodi na kuitembelea kwa haki, bado haijafika. Haihitaji kuanza kwa mabilioni. Mshahara wa mlinzi ulipwao na serikali kila mwezi, awepo mtalii au asiwepo, ungekuwa mwanzo. Na basi moja la wanafunzi lingekuwa la pili. Methali inampa mgeni jembe siku ya tatu. Katika mbuga za Kongo, mwenye nyumba ndiye aliyeshika jembe kwa miaka mia moja, naye bado hajakaribishwa sebuleni.