Jiwe la Mikono Mingi

Siku za Jumatatu na Alhamisi, soko la Daraja Mbili mjini Kisii linapofurika ndizi, maparachichi na mitumba, wachongaji wa Tabaka wanaokuja mjini hupita ofisini kwangu. Malalamiko yao hayabadiliki sana. "Wakili, mwana wetu, kuna mtu anauza bakuli letu kwa jina lake. Tumshtaki?" Kabla sijafungua kitabu cha sheria, nawauliza: bakuli hilo ni la nani hasa? Hapo ndipo tunapolazimika kurudi nyuma.

Mawe ya sabuni ya Tabaka, huko Mugirango Kusini, ni meupe, ya waridi, ya manjano na ya kijivu. Kabla ya watalii kuja, Abagusii waliyachonga viko vya tumbaku, bakuli na mbao za mchezo wa ajua, na unga wake mweupe ulipakwa mwilini katika shughuli za jadi. Hakuna aliyeweka sahihi chini ya kiko. Baadaye soko la wageni lilileta viboko, tembo na seti za sataranji, na mwaka 1990 kikundi cha Smolart kikaanzishwa Tabaka ili wachongaji wauze nje kwa pamoja.

Kazi yenyewe hupita mikono mingi. Wanaume huchimba kwa jembe na sururu kwenye mashimo yanayoweza kuporomoka. Mchongaji hulitoa umbo kwa panga na kisu. Kisha wanawake huketi kando ya beseni la maji, wakisugua kwa msasa hadi jiwe lilainike, ndipo lipakwe nta ling'ae. Kijana wa jirani naye huchonga umbo lile lile, kwa sababu alilikuta kwa babu yake.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humtafuta mtunzi. Ikimpata, humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Elkana Ong'esa, msanii wa Tabaka aliyesomea Makerere na McGill, na ambaye ndege wake wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, hana shida hapo: kazi yake inajulikana kuwa yake. Lakini kiboko cha kijiji kizima kina mtunzi gani? Nikienda mahakamani na kesi hiyo, wakili wa upande wa pili ataniuliza swali hilo hilo, nami sitakuwa na jina la kumtajia.

Katiba ya 2010, ibara ya 11, ililiagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapatikana Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Utamaduni. Inaitambua jamii kuwa mwenye mali, inadai ridhaa yake kabla ya mtu kufanya biashara na urithi huo, na inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Nayo Sheria ya Alama za Biashara inaruhusu jina la mahali lisajiliwe kuwa alama ya pamoja. Wasusi wa vikapu wa Taita walishaipita njia hiyo.

Kwa hiyo, wazee wangu na mama zangu wa Tabaka, kesi ya bakuli moja itawamalizia nauli bure. Kutaneni kwanza, wachimbaji, wachongaji na wasuguaji, mkubaliane kwa maandishi: jiwe litoke machimbo yapi, nani aruhusiwe kutumia alama, atakayeiba afanywe nini. Msiwasahau wanawake wa msasa katika orodha ya wanachama. Karatasi hiyo ikifika mezani kwangu, tutakuwa na la kusajili, na siku ya kushtaki tutakuwa na la kusimamia.