Kitabu kilichoandikwa juu yetu: namna wasomaji walimujibu Padri Tempels, toka Kolwezi mupaka Paris

Wasomaji wetu wa Goma, Bukavu, Kindu ao Kalemie wakisikia jina Kolwezi, wanawaza mara moja shaba na kobalti. Ni haki yao. Lakini muji huu uko pia na historia ingine, ile ya kitabu kimoja kidogo juu ya filozofia ya Wabantu. Kilianza na maneno ya wakaaji wa Katanga, kikazunguka dunia nzima, kisha mwandishi wake akakuja kukaa hapa kwetu, mu kambi ya wafanyakazi wa mine. Wamoja walikisifu, wengine walikichekelea. Wengine tena walichukua mafundisho ya mwandishi, wakayatia mu ndoa na mu sala yao. Tunaeleza hapa ni nani walijibu nini, na sababu gani majibu yale yanatuangalia hata leo.

Padri na kitabu chake

Placide Tempels alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906. Alikuwa padri wa shirika la Wafransisko, na alifika Kongo mwaka 1933. Alifanya kazi katikati ya Waluba wa Katanga, upande wa Kamina na Kabondo-Dianda. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni alikuwa sawa mumisionere yeyote wa wakati ule: anafundisha, anaamuru, watu wanaitika, kisha wanarudia mambo yao. Njo akaanza kuuliza: hawa watu wanawaza nini? Wanatafuta nini mu maisha?

Majibu aliyoyasikia aliyaandika kwa Kiflama. Antoine Rubbens, avoka wa Elisabethville (leo Lubumbashi), akayageuza mu Kifaransa, na mwaka 1945 kitabu kikatoka Elisabethville kwa jina "La philosophie bantoue".

Neno lake kubwa ni hili: kwa Mubantu, kuwa ni kuwa na nguvu. Mutu, nyama, muti, jiwe, vyote viko na nguvu ya uzima. Nguvu ile inaweza kuongezeka ao kupunguka. Mugonjwa amepungukiwa, mwenye watoto na heshima ameongezeka. Kutoka hapo Tempels akasema Wabantu wako na filozofia ya kweli, yenye mupango. Leo mutu anaweza kusema: sasa hiyo ni habari gani? Lakini mwaka 1945, wakati mukoloni alikuwa anafundisha kwamba mutu mweusi hana mawazo yake, maneno yale yalikuwa bomu.

Majibu ya kwanza: Kanisa na Paris

Bomu ile ilianza kusikilika karibu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, mukubwa wa Kanisa Katoliki mu Katanga na mutu mwenye nguvu sana mbele ya serikali ya koloni, hakupenda kitabu hata kidogo. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, na Kongo aliiona tena mwaka 1949 tu.

Mwaka ule wa 1949, kule Paris, Musenegali Alioune Diop alichapisha kitabu mu nyumba yake ya Présence Africaine na akakiandikia utangulizi. Kwake yeye, kilikuwa kitabu cha lazima kwa mutu mweusi anayetaka kujitambua. Wanafunzi Waafrika wa Ulaya walikisoma kwa furaha: mwishowe muzungu amekubali kwamba tunawaza.

Wengine walitaka kukipima kwanza. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha kitabu chake mwaka 1956 juu ya filozofia ya Kinyarwanda. Hakutegemea tu yale Tempels alisikia, alipitia mu luga yenyewe, katika makundi ya majina: muntu, kintu, hantu, kuntu. Mwenye kusema Kiswahili anasikia pale mutu, kitu, pahali na namna. Kagame alikuwa anamuambia Tempels kwa heshima: shauri lako ni zuri, lakini uniache niangalie mimi mwenyewe, mu luga yangu.

Jibu kali: na mushahara je?

Mwaka 1950, Aimé Césaire wa Martinique aliandika kitabu chake juu ya ukoloni, na mule alimurukia Tempels bila huruma. Tempels alikuwa ameandika kwamba kitu Wabantu wanatamani kwanza si hali nzuri ya feza, ni kwamba muzungu atambue utu wao na heshima yao kamili. Césaire akacheka. Kwa maneno yetu: kumbe rahisi hivyo! Kampuni zichukue mali ya Kongo, zitese watu, bora tu ziheshimu "nguvu ya uzima" yao. Heshima ya namna ile haimugarimu bwana hata santimu moja.

Ili tuelewe uzito wa jibu hili, tukumbuke kwamba mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mushahara, na mu Elisabethville askari waliwapiga risasi. Watu wengi walikufa. Kitabu cha Tempels kilitoka mu muji uleule miaka ine nyuma. Musomaji aliyejua habari ya 1941 hangeweza kusikia kwamba Mubantu hasumbukie sana feza, akanyamaza.

Lakini haki ni haki. Tempels hakufunga macho mbele ya mateso. Mwaka 1944 alikuwa ameandika mu gazeti L'Essor du Congo, ya Elisabethville, juu ya sababu za watu kuasi, na alitetea haki zao. Shida ilikuwa pengine: mutu akikuandikia wewe, anaweza kuwa rafiki yako kabisa na bado akakupangia ni kitu gani unatamani kwanza.

Jibu la Ruwe na Musonoi: kukiishi

Sasa tunafika kwetu. Karibu mwaka 1953, Tempels alitumwa Kolwezi, mu kambi ya Ruwe ya Union Minière. Zilikuwa nyakati za kazi kubwa: mine zinapanuka, na kule Nzilo baraji inajengwa juu ya Lualaba (ile iliyoitwa Delcommune) ili kupatia mashini umeme. Watu walitoka pande zote, Waluba, Walunda, Wasanga, Wachokwe na wengine, wakakutana mu nyumba za kambi zenye kufanana. Ukoo ulibakia mbali kwenye kijiji.

Mule kambini Tempels hakukamata kitabu chake akawasomea watu. Alikaa nao, akawauliza, nao wakamuuliza. Hapo kukazaliwa kikundi chenye kuitwa Jamaa, maana yake familia. Wanamemba walikuwa hasa mabwana na mabibi wa ndoa Wakatoliki. Waliitana baba na mama. Mafundisho yalikuwa ya Kiswahili, kwa kuuliza na kujibu, yakizunguka mambo matatu ambayo kila mutu anayatamani: uzima, uzazi na mapendo. Mutu aliingia hatua kwa hatua, pamoja na mwenzake wa ndoa, chini ya uongozi wa wale waliotangulia.

Wengi wao hawakusoma "La philosophie bantoue" hata siku moja: ilikuwa Kifaransa, na ya wasomi. Hata hivyo walikuwa wasomaji wake wa kweli kuliko wengine, kwa sababu mawazo yale yalirudi kwao kupitia kinywa, na wao wakayageuza. Mu kitabu kulikuwa nguvu, mu Jamaa kukakuwa mapendo. Mu kitabu muzungu anaeleza Mubantu kwa wazungu wenzake. Mu Jamaa mufanyakazi wa mine anamueleza mufanyakazi mwenzake namna ya kuishi na bibi yake bila kumuzarau, na padri anaketi kusikiliza. Tempels mwenyewe alibadilika. Kitabu chake cha 1962 kinaitwa "Notre rencontre", ndiyo kusema kukutana kwetu. Mwaka ule aliondoka Kongo kwa mara ya mwisho. Alikufa mwaka 1977.

Mambo hayakuwa matamu siku zote. Mafundisho ya siri na mikutano ya usiku ilileta mashaka. Vikundi vingine vilitoka mu njia vikaitwa Katete. Maaskofu waliuliza: ninyi mu Jamaa, muko Kanisa ao muko dini ingine? Miaka ya 1970 viongozi wa Kanisa waliomba wanamemba wajitenge wazi na mafundisho mapotovu, na mahali pengine wale waliokataa walinyimwa sakramenti. Kwa mutu aliyepata ndani ya Jamaa ndoa yenye amani, kuambiwa achague ilikuwa kidonda. Habari hizo tunazijua vizuri pia kwa sababu ya Johannes Fabian, mwanasayansi Mujerumani aliyefanya uchunguzi wake mu Kolwezi miaka ya 1966 na 1967. Aliandika mazungumuzo yenyewe ya Kiswahili, na kitabu chake juu ya Jamaa kilitoka mwaka 1971.

Jibu la walimu

Wakati wana-Jamaa wanaishi mafundisho, walimu Waafrika walikuwa wanakitia kitabu mu kipimo. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alikichambua vikali mwaka 1968. Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, alisema filozofia si mawazo ambayo kijiji kizima kinayo bila kujua. Filozofia ni mutu mwenye jina anayeandika, anayejibiwa, anayekubali kupingwa. Ukisema "Wabantu wanawaza hivi," ni Mubantu gani? Umemuuliza nani? Je, hakuna aliyekataa?

Swali hili ni la faida hata kwa wasomaji wa kawaida. Kila siku tunasikia "wanawake wanawaza hivi" ao "vijana wa mine wako hivi". Tuulize daima: nani alisema, na waliokataa wako wapi?

Jibu la mutoto wa Likasi

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi (zamani Jadotville) mwaka 1941, barabara moja na sisi. Alikuwa mu nyumba ya watawa Wabenedikto mbele ya kuwa profesa mu Lubumbashi, kisha Marekani, ambako alikufa mwezi wa Aprili 2025. Mu kitabu chake cha 1988, "The Invention of Africa", alimutafutia Tempels nafasi yake: mutu katikati ya wale wazungu waliotengeneza picha ya Afrika, hata walipokuwa wanaipenda.

Mudimbe aliandika pia hadisi. "Entre les eaux" ya 1973 inaeleza padri Mwafrika anayeenda kujiunga na waasi. "Shaba deux" ya 1989 iko hapa kwetu kabisa: ni daftari la mutawa mumoja Mwafrika wa Kolwezi wakati wa vita ya mwezi wa Mei 1978, wakati waasi wa FNLC waliingia mu muji na kisha askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti. Imani na woga viko pale pamoja, bila hotuba.

Nini kimebakia

Wazee waliopita mu Mei 1978 wangali hai mu Kolwezi. "Shaba deux" iko Kifaransa, ilichapishwa Paris, na kuipata hapa ni kazi. Hivi wale ambao kitabu kinasema habari yao hawajapata nafasi ya kusema: hapa ni kweli, hapa haikuwa hivyo, hapa umesahau jirani yangu.

Na vitabu juu ya Kolwezi vinaongezeka, juu ya kobalti, juu ya watoto wa mine, juu ya makanisa yetu. Vingi vinaandikwa na watu wenye roho nzuri, sawa Tempels. Vinafika London na Bruxelles mbele ya kufika Musonoi. Watu wa Ruwe hawakungojea ruhusa ya mutu. Walichukua maneno yaliyosemwa juu yao, wakayarudisha mu Kiswahili, wakaongeza yao na wakapunguza yale yasiyowafaa. Kama uko na kitabu kimoja kinachosema juu ya mahali unapokaa, somea mutu mwenye kujua mambo yale ukurasa mumoja kwa sauti. Kisha nyamaza, umuache ajibu.