Chumba cha Ihumwa
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA
Neema, mtunza kumbukumbu aliyehamishwa kutoka Morogoro kwenda kwenye wizara moja ya Mji wa Serikali, Mtumba, amefikia kwa shangazi yake Nkuhungu. Kila siku anaamka saa kumi alfajiri awahi daladala ya kwenda mjini, kisha agombanie nyingine ya Mtumba. Shangazi amemtafutia dalali, na dalali amepata chumba na sebule Ihumwa, Sh 60,000 kwa mwezi, "ukifungua mlango unaiona lami." Neema ameshatoa nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Sasa wamefika mlangoni.

SASA ENDELEA...

"Hodi humu ndani!" Dalali alipiga hodi huku ameshaingia uani.

Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda, akipepeta uwele. Upepo wa Agosti ulichukua makapi ukayapeleka hadi kwenye ua wa miti. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Umetoka mbali?"

"Nimetokea Nkuhungu, bibi. Ila kwetu ni Morogoro."

"Haya mambo ya kwetu na kwenu tutaongea baadaye," dalali aliingilia. "Dada yangu, ingia uone chumba. Vyumba vya karibu na lami havilali. Kuna watu wawili wako njiani wanakuja na hela mkononi."

Neema aliingia. Hakuwa na haraka. Alifungua dirisha akalifunga, akawasha taa akaizima, akauliza luku ni ya nani. Ni moja kwa nyumba nzima, wapangaji wanachangia. Akauliza maji. Bomba lipo uani, la DUWASA, lakini yanakuja kwa mgawo, ndiyo maana kuna mapipa matatu. Choo kiko nje, ni safi, mlango unafungwa kwa komeo. Sebule ilitosha kochi moja na meza. Kwa mtu aliyekuwa analala kwenye godoro sebuleni kwa shangazi, pale palikuwa peponi.

Na usafiri alikuwa ameshaupima kabla hajakanyaga ule ua. Aliposhuka tu kituoni alinunua vitumbua viwili, akamuuliza mama muuzaji: "Mama, asubuhi magari ya Mtumba yanasimama hapa?"

"Ukifika saa kumi na mbili yanasimama, mwanangu," mama alimjibu. "Ikigonga saa moja yanapita yameshona kutoka Nanenane, konda hata hakuangalii. Lakini ukikosa gari, bodaboda hapa hadi Mtumba si sawa na bodaboda ya kutoka mjini."

Neema alilishika hilo. Mtumba iko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, upande wa barabara ya Morogoro, na Ihumwa iko kwenye njia hiyo hiyo. Wageni wengi wanaohamia Dodoma wanakosea hapa: wanasikia kodi ya chini Nala au Veyula, wanashangilia, halafu nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi inakula tofauti yote, na usingizi inakula pia. Kodi ya Dodoma ni lazima uijumlishe na nauli ndipo ujue umelipa ngapi. Neema alijumlisha. Ihumwa ilishinda.

"Bibi, miezi mingapi?" aliuliza alipotoka.

Dalali ndiye aliyejibu. "Sita. Laki tatu na sitini. Na yangu ya mwezi mmoja, sitini. Laki nne na ishirini, dada, tunaandikishana sasa hivi."

Kwenye simu Neema alikuwa na laki nne na elfu kumi. Alifungua mdomo aombe kupunguziwa, simu ikaita. Shangazi.

"Umeshalipa?"

"Bado, shangazi, ndiyo naangalia."

"Unaangalia nini tena? Lipa, saini, urudi. Nitakuongezea hiyo elfu kumi."

Simu ikakatwa. Neema aliitazama. Hakuwa amemwambia shangazi kwamba imepungua elfu kumi.

"Bibi umekaa hapa miaka mingi?" aliuliza, apate muda wa kufikiri.

Bibi alifurahi kuulizwa. "Niliolewa hapa palipokuwa mashamba ya uwele na mtama mpaka kule mlimani. Walitwambia Dodoma itakuwa makao makuu, mwaka ule wa 1973, mzee wangu akasema tukae karibu na barabara, watu watakuja. Tukasubiri. Wakaja CDA na vigingi vyao, wakaondoka. Tukasubiri tena. Watu wamekuja juzi juzi hapa, alipotangaza Magufuli."

Alikuwa anasema kweli. Kuanzia Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, ardhi ya barabara hii haikutulia. CDA, mamlaka iliyokuwa ikipanga mji, ilivunjwa Mei 2017. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Wizara zikahamia Mtumba, treni ya umeme ikaanza kufika kutoka Dar es Salaam Julai 2024, na vibanda vilivyokuwa vikihifadhi mazao vikawekwa vigae vikaitwa apatimenti. Mtu mwenye mshahara wa kawaida anasukumwa kila mwaka mbali zaidi na lami. Ndiyo maana chumba cha elfu sitini kilicho hatua chache kutoka kituoni kilipaswa kumshtua Neema. Hakikumshtua mpaka alipoegemea ukuta.

Ulikuwa ukuta wa mbele, unaotazama barabarani. Kuta nyingine tatu zilikuwa na rangi yao ya zamani, ya udongo, imebanduka. Huu mmoja ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa mpya. Alipojitoa, bega la gauni lake lilikuwa limejaa unga mweupe, na pale alipoegemea palibaki mstari. Wa kijani.

Dalali alikuwa kwenye simu, amegeuka upande wa choo. Neema alichovya ncha ya mtandio wake kwenye pipa, akafuta. Mstari ukashuka kwa mshazari. Akafuta upande wa pili. Mstari mwingine ukaukata wa kwanza katikati.

X.

Hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa alama ile. Nyumba iliyowekewa X inasubiri kubomolewa. Akili ya Neema ilienda moja kwa moja kwenye barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayolizunguka jiji kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Au ni ya hifadhi ya barabara hii kuu? Au ni mradi mwingine kabisa? Ukutani hapakuwa na maelezo zaidi ya ile alama.

"Dada," dalali alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huo ukuta haujakauka. Njoo usaini."

Alikuwa ametoa karatasi kwenye bahasha ya kaki. Aliikunja ukabaki ukurasa wa mwisho tu, akaushika kwa vidole viwili, akampa kalamu.

"Nisome kwanza."

"Ni mkataba wa pango, ni ule ule wa kila mahali."

"Basi twende ofisi ya serikali ya mtaa, tukasaini mbele ya mwenyekiti."

"Leo Jumamosi, mwenyekiti hayupo. Dada, mimi nina wateja."

"Nipe dakika nikaongee na bibi kuhusu elfu kumi yangu," Neema alisema. Alimshika bibi mkono, wakaingia ndani, akarudisha mlango.

Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya moshi wa kuni. Neema alinong'ona: "Bibi, ile alama ya ukutani ilipakwa chokaa na nani?"

"Na huyo kijana. Alikuja na ndoo, akasema wapangaji wanaogopa alama, tutakosa mtu."

"Na alikupa karatasi yoyote?"

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akapiga magoti, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Juu kulikuwa na vitenge viwili, chini ya vitenge kadi ya kliniki, chini ya kadi karatasi ya zamani ya CDA iliyochanika kwenye mikunjo, na juu yake karatasi mpya, nyeupe, kurasa tatu zilizobanwa kwa pini.

"Alisema ni karatasi ya mpangaji. Akaniwekea wino hapa," alionyesha dole gumba, "akanipa laki mbili, kodi ya kuanzia. Mimi macho yangu hayasomi, mjukuu wangu."

Neema aliisogeza dirishani. Morogoro alikuwa amekaa kwenye masjala ya ardhi, karatasi za namna hii alizipanga kwenye mafaili mpaka akazizoea. Hakuhitaji kufika mstari wa tatu.

Haukuwa mkataba wa pango. Ulikuwa mkataba wa mauziano. Kiwanja, nyumba na vyote vilivyomo, vimeuzwa na kulipwa.

Sasa X ikaeleweka. Anayebomolewa kupisha mradi, akiwa hakujenga ndani ya hifadhi ya barabara, analipwa fidia, na kanuni za tathmini za mwaka 2001 zinataja vitu vingi: ardhi yenyewe, jengo, usumbufu, usafiri, hata posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya mwezi mara miezi 36. Laki mbili alizopewa bibi ni tone tu mbele ya hesabu hiyo. Aliyetaka nyumba hii alitaka kuwa na jina kwenye karatasi siku wathamini watakapofika.

Jina la nani?

Alifunua ukurasa wa pili. Muuzaji: jina la bibi, na dole gumba la bluu. Mnunuzi...

Alisoma mara ya kwanza akadhani macho yamemdanganya. Akasoma tena, herufi kwa herufi, majina yote matatu, na chini yake namba ya NIDA, tarakimu zote ishirini.

Mnunuzi alikuwa yeye.

Sahihi tu ndiyo ilikuwa haijawekwa. Tarehe ya mkataba ilikuwa ya wiki mbili kabla hajapanda treni kuja Dodoma. Na kwenye mstari wa shahidi wa mnunuzi, kwa mwandiko wa mviringo alioujua tangu akiandikiwa barua za shule, lilikuwepo jina la shangazi yake.

Komeo la mlango likatikisika.

"Dada Neema!" Dalali hakuwa peke yake tena, nje kulikuwa na muungurumo wa bodaboda unaozimwa, na sauti ya mwanamke. "Fungua. Kuna mtu amekuja, anasema lazima usaini mbele yake."

Bibi alimnyang'anya ile karatasi, akaichomeka kifuani ndani ya khanga, akaenda kufungua.

ITAENDELEA...

Ni nani aliyefika kwa bodaboda? Shangazi alimpeleka Neema Ihumwa ampatie pa kulala, au apate sahihi yake? Usikose Sehemu ya Nne Jumamosi ijayo, hapa hapa.