Tetemeko la Sumatra, mtikisiko wa Kigamboni

Saa 9:58 usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, sakafu ya bahari ilipasuka magharibi mwa Sumatra. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 9.1. Kigamboni, Dar es Salaam, watu walikuwa wamelala, na hakuna kitanda kilichocheza, kwa kuwa mitetemo ilisafiri zaidi ya kilomita 6,000 na kufika hapa imefifia kabisa. Kilichotufikia kwa nguvu ni maji. Yalivuka Bahari ya Hindi kwa kasi ya kilomita 700 hivi kwa saa na kuingia pwani yetu mchana, fukwe zikiwa na watu wa sikukuu. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa waogeleaji wa Dar es Salaam. Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni mapema, alikufa mmoja. Zilikuwepo saa nane na ushei za kuonya, na hilo linaniuma hadi leo.

Sumatra ipo mahali ambapo bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine. Japani na Chile ni hivyo hivyo. Kukadiria ardhi itatikisika kiasi gani katika sehemu hizo ni elimu iliyojengwa kwa vipimo: ukubwa wa tetemeko, umbali, kina, na aina ya udongo chini ya nyumba. Mwaka 1997 mtafiti Robert Youngs na wenzake walionyesha jambo zito: tetemeko linalotokea ndani ya bamba lililozama hutikisa kwa nguvu zaidi kuliko lile la kwenye mpaka wa mabamba mawili, hata kama ukubwa na umbali ni sawa. Japani, baada ya tetemeko la Kobe la 1995, ilitawanya vituo vya kupima mtikisiko vipatavyo 1,000 nchi nzima. Lilipokuja tetemeko la Machi 2011, vituo hivyo vilirekodi karibu kila kona.

Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, ilikuwa zamu yetu. Saa 2:13 usiku, tetemeko la ukubwa unaokaribia 6 lilipiga baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Vyombo vilitikisika kabatini, taa zikabembea huku na huku, na watu wa maghorofani wakakimbilia ngazi. Safari hii ardhi ilicheza, maji yakatulia.

Hapa hakuna bamba linalozama. Afrika Mashariki inavutwa na kupasuka, na nyufa zake zinaendelea hadi chini ya bahari. Kwa hiyo fomula iliyojengwa kwa vipimo vya sehemu kama Sumatra haifai kukadiria mtikisiko wa Kigamboni. Hata fomula zinazotumika kwa Bonde la Ufa zimejengwa zaidi kwa rekodi za nchi nyingine, maana vipimo vyetu vya mtikisiko mkali ni vichache. Na udongo una neno lake: nyumba iliyokaa juu ya mwamba wa matumbawe haitikisiki kama iliyokaa juu ya mchanga mlaini au tope la mikoko, ingawa zote mbili zina hati ya mtaa mmoja.

Tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe Aprili 2016, ujenzi umekwenda mbio upande huu. Vipima mtikisiko vifungwe sasa, kimoja kwenye matumbawe na kingine kwenye mchanga, ili tetemeko lijalo liache rekodi ambayo mhandisi wa hapa ataitumia kupanga nondo.