Jarida lililoingia uani

Machi 2031, jarida la The Beacon la Trinidad litatimiza miaka 100 tangu litoke toleo la kwanza. Lenyewe halikudumu hata miaka mitatu. Novemba 1933 lilikuwa limekwisha. Hata hivyo, anayetafuta namna hadithi fupi za Karibi zilivyoanza kuwatazama mafukara usoni lazima apitie hapo.

Habari zake tunazipata zaidi kwa watu wawili. Mwanzilishi wake, Albert Gomes, Mtrinidad wa asili ya Kireno, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1974, na humo, kama kawaida ya watu kujisimulia, yeye ndiye kila kitu. Mwaka 1988 mhakiki Reinhard Sander aliwarudishia waandishi C.L.R. James na Alfred Mendes sehemu yao. Mimi naelemea kwa Sander.

James na Mendes ndio waliotangulia, kwa jarida dogo lililoitwa Trinidad. Toleo lake la Krismasi ya 1929 lilibeba “Triumph”, hadithi ya James kuhusu wanawake wa uani mjini Port of Spain: safu za vyumba vya futi zipatazo 12 kila upande, nyuma ya nyumba za barabarani, na majirani wanaosikia kila kitu. Aliyepanga chumba Manzese, Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa. Mamitz ameachwa na bwana wake, hana kodi, na jirani yake Irene anafurahia. Mwishowe Mamitz anapata bwana mwenye fedha, na noti zinabandikwa mlangoni ili Irene azione vizuri. Waungwana wa mjini walikasirika. Waliona huo ni uchafu, si fasihi.

Walioandika hayo hawakuzaliwa uani. James alikuwa Mweusi, mtoto wa mwalimu, aliyesoma Queen's Royal College na kufundisha hapohapo. Mendes alitoka katika familia ya Kireno yenye uwezo, akaenda kukaa uani kwa muda ili asikie watu wanavyosema. Ndiyo maana hadithi zao zina mtazamaji aliyesimama kizingitini: anaona yote, haingii. Kisiwani rangi na kisomo vilimpangia mtu pa kukaa, hata mwandishi.

Kisha, jarida la Gomes lilipoanza, likaja zogo la 1931. Dk. Sidney Harland, Mwingereza bingwa wa jenetiki ya pamba katika chuo cha kilimo cha St Augustine, aliandika katika The Beacon kuhusu kuchanganyika kwa rangi. Akapanga akili za binadamu kwa madaraja, Weusi akawaweka chini ya Wazungu. Hata Toussaint L'Ouverture, mtumwa wa zamani aliyeongoza mapinduzi ya Haiti, alipewa daraja lisilo la juu. Mtaalamu wa pamba kumpima Toussaint! Agosti, James alimjibu katika jarida hilohilo, akizibomoa hoja zake moja baada ya nyingine, kwa adabu inayouma kuliko tusi. Miaka saba baadaye alitoa The Black Jacobins, kitabu kizima kuhusu Toussaint. Hapa kwetu James anajulikana kwa kitabu hicho. Mamitz hatajwi, na kwangu hiyo ni hasara.

Mwaka 1932 James alihamia Uingereza, Mendes akaelekea New York mwaka uliofuata. Kuanzia 1943 kipindi cha BBC, Caribbean Voices, kiliibeba kazi ya kuzitangaza hadithi za Karibi, kikawapa nafasi waandishi kama Sam Selvon na George Lamming. Baadhi ya waliofuata, wakiwa wahamiaji, wameandika kuhusu upweke wa London na Toronto.

Gomes aliingia siasa, akawa waziri, akaangushwa kwenye uchaguzi wa 1956 na chama cha Eric Williams, aliyekuwa mwanafunzi wa James. James naye alirejea 1958 kuhariri gazeti la chama hicho, akakosana na Williams. Mwaka 1965 alikwenda tena Trinidad kuandika habari za kriketi, na serikali ya mwanafunzi wake ikamweka kizuizini nyumbani.