Roboti ya Mars iliyokataa kulala

Vijana wa hapa Leparua, Isiolo, wakiniuliza kwa nini programu iliyofanya kazi vizuri siku ya kwanza huanguka baada ya wiki kadhaa, huwasimulia habari za Spirit.

Roboti hiyo ya NASA ilitua Mars Januari 2004. Tarehe 21 mwezi huohuo ikanyamaza. Mwanzoni wataalamu wa JPL, California, walishuku mvua ya radi kwenye kituo cha Canberra. Wapi! Siku mbili baadaye data chache zilizofika zilionyesha roboti inajiwasha upya tena na tena, usiku hailali, betri zinakwisha. Na pacha wake, Opportunity, mwenye programu za aina ileile, alikuwa karibu kutua.

Sisi tukiwa na GDB au Valgrind tunaisimamisha programu na kuichungulia ndani. Hapa Leparua kifaa kikigoma unapanda mlima, unakizima kwa mkono. Wao ujumbe ulichukua takriban dakika 10 kwenda tu.

Bahati ni kwamba kabla ya safari mtu alikuwa ameweka amri ya kuiwasha roboti bila kugusa kumbukumbu ya fleshi, pale faili zinapohifadhiwa. (Huyo kwangu ndiye shujaa wa hadithi hii.) Wakaituma amri. Roboti ikatulia! Basi mchawi akajulikana anakaa upande gani.

Sasa utamu wenyewe. Spirit ilikuwa na RAM ya MB 128 na fleshi ya MB 256. Mfumo wake wa faili, wa mtindo wa DOS juu ya VxWorks, uliweka nakala ya saraka ndani ya RAM. Faili zilirundikana tangu safarini, karibu miezi saba, na hata ukifuta faili saraka haikupungua. Sehemu ya RAM iliyotengewa kazi hiyo ikajaa, ombi la nafasi zaidi likakataliwa, programu ikaanguka, roboti ikajiwasha, kisha ikaenda moja kwa moja kusoma saraka ileile kubwa. Ikaanguka tena. Fleshi yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Walifuta faili za safarini, kisha wakaifomati fleshi. Spirit, iliyopangiwa siku 90 tu za Mars, iliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010.